Kavira wa Nyuma ya Kanisa

3 Septemba, Butembo

Mvua ya kwanza imepiga mabati ya ofisi mchana kutwa, na diski ya seva imejaa asilimia tisini na moja. Naandika hapa kwa sababu Docta Phinées, mkurugenzi wetu, ukimwambia jambo kwa mdomo, mwezi ujao atasema hakuambiwa. Basi leo nimemwambia.

Seva yenyewe ni moja. Iko ndani ya kabati la chuma nyuma ya depo ya dawa, na imebeba habari za wagonjwa wa vituo vyetu vyote, kutoka Vuhovi hadi Beni. Wauguzi wanalalamika: kumtafuta mgonjwa mmoja kunachukua sekunde arobaini. Ili nijue sababu, nimeiamuru hifadhidata iandike kwenye logi kila kitu inachoulizwa na kila inachoambiwa, neno kwa neno. Logi ni faili tu ambamo mashine inajiandikia siku yake, kama mimi hapa.

Siku mbili zimetosha. Wauguzi wanaandika «Kambale», basi, halafu wanangoja. Akina Kambale tulio nao ni elfu sita na zaidi. Kwetu Wanande jina linafuata nafasi ya kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ina majina yale yale. Hata mimi, shuleni tulikuwa Kavuo sita darasa moja. Nikaitwa Kavuo wa Redio, kwa sababu nilikuwa nazitengeneza. Aliyeuza programu hii hakutuuliza tunaitwaje.

5 Septemba

Nimewatumia wauguzi wote ujumbe: kwenye kisanduku cha maelezo waandike kitu kinachomtofautisha mgonjwa. Anakaa wapi, kwa nani, anajulikana kwa lipi. Kisha watafute kwa maneno hayo.

Sekunde arobaini zimekuwa mbili.

Stanislas, muuguzi wa Vuhovi, mtu wa maneno mengi kuliko dawa zake, amenipigia: «Ee Kavuo, weye uko mashine! Kavira nilikuwa natafuta tangu asubui, namuona sasa hivi. Nimeandika tu ‘ule wa jino ya dhahabu’!»

Docta ameandikia bailleur, yaani wale wanaotufadhili, kwamba «timu» imepata ufumbuzi. Timu ni mimi.

6 Septemba

Mvua. Maharagwe. Hakuna courant, hata taa.

11 Septemba

Sasa logi inakua giga tatu kwa siku. Nilitaka kuizima, kazi yake imekwisha. Docta amekataa: mwisho wa mwaka bailleur anataka kujua nani alifungua faili la nani. Nikamwambia diski haitafika hata Oktoba. Akasema, «Weye njo unajuaka ma-chiffres, mahesabu, mama. Panga.»

Nimepanga. Skripti, programu ndogo niliyoiandika, inaamka kila usiku, inaisogeza logi ya siku hiyo kando, inaibana mpaka inabaki sehemu moja ya kumi, na baada ya siku kumi na nne inaifuta kwenye seva. Usiku wa kwanza nilisahau kuiambia hifadhidata ifungue faili jipya, nayo ikaendelea kuandika ndani ya lile la zamani, ingawa nilikuwa nimelibadilisha jina. Mashine haijali jina uliloweka juu. Imeshika kitu chenyewe. Nimerekebisha.

Zilizobanwa zinanakiliwa kwenye diski ndogo ya kubebea, niliyoibandikia karatasi kwa mkono wangu. Kila Ijumaa Malachie, dereva, anaipeleka Beni kwa Mama Élise, msimamizi wa kituo cha huko, ambaye anazinakili kwenye kompyuta yake na kuirudisha diski. Bailleur anataka nakala nje ya mji. Kuituma kwa laini yetu ya intaneti ni siku tatu, kama haikukatika.

Nimeomba pia nifunge mafaili hayo kwa neno la siri. Jibu: «Si kila kitu kwa mara moja.» Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, mwaka wa tano sasa. Sikuomba mara ya pili.

19 Septemba

Diski imeenda, imerudi. Skripti inafanya kazi kuliko watu.

2 Oktoba

Helikopta zimeshuka uwanja wa ndege wa Rughenda tangu asubuhi. Sokoni watu wanainua macho, wanahesabu, wanarudi kupima unga. Mama amenipigia simu akaniuliza kama nina begi la kukimbia nalo tayari. Ninalo tangu mwaka jana.

14 Oktoba

Utafutaji 1,912 kwa siku moja, wastani sekunde mbili. Kilele. Nimekula samaki.

24 Oktoba

Malachie amefika Beni saa tisa badala ya saa nne, bila simu, bila diski. Mama Élise amenipigia kwa simu yake, kisha akampa aongee.

«Balinitosha mu gari pa barrière, pale banafunga barabara, yaya. Bane. Moja alikuwa na koti ya mvua ya police, lakini buti yake ilikuwa ya mulimaji.»

«Wanne walikutoa garini? Walikupiga?»

«Kidogo. Kofi tu. Balichukua telefone, bakachukua sakoshi yenye diski. Nikabaambia, jamani, mule hamuna kitu, ni bintu bya ordinateur, bya kompyuta tu. Mukubwa yao akaniangalia. Akasema: ‘Basi njo yenyewe.’»

«Njo yenyewe? Alisema hivyo?»

«Njo vile alisema.»

Nimemwambia alale Beni, asirudi jioni. Amecheka, akasema Mama Élise amekwisha kumpikia, kwa hiyo hata ningeamuru vingine asingenisikia.

Nimemwarifu Docta. Akauliza bei ya diski.

25 Oktoba

Ni Jumamosi, lakini nimekuja ofisini. «Njo yenyewe», yaani ndiyo hasa waliyoitaka, haikuniacha nilale.

Tangu Septemba nimepima zile logi, nimezibana, nimezihesabu, nimezihamisha. Tangu zile siku mbili za mwanzo, sikuzisoma tena. Nani anasoma giga tatu? Leo nimechukua moja, ya tarehe 14 Oktoba, kwa sababu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Kuifungua ni amri moja. Kuchuja humo neno moja ni amri ya pili. Nikaandika neno lililonijia kwanza: *porini*, waliko waasi.

Ulitoka mstari huu, uliotumwa kutoka Vuhovi:

*Kavira, miaka 20. Ametoka porini, walimshika mwaka mzima. Anakaa kwa dada yake Kasika, nyuma ya kanisa. Hataki kuonekana sokoni kwa ajili ya mtu wa unga.*

Nikakaa nikiuangalia. Kisha nikachuja *alitoroka*. Kisha *anajificha*. Kisha *alimuona*. Yule ambaye mume wake ni askari. Yule aliyetibiwa risasi na hataki ijulikane. Mistari arobaini na mitatu, yote imeandikwa vizuri, bila kosa, na wauguzi waliofuata maagizo yangu. Andikeni kitu kinachomtofautisha.

 

27 Oktoba

Docta Phinées ameusoma mstari wa Vuhovi, akavua miwani.

«Nani atafungua bile bintu, Kavuo? Mwizi wa barrière? Atauza ile diski na nyama ya mbuzi, atasahau.»

«Docta, kufungua ni sekunde tatu.»

«Kwako weye.»

«Kwa yeyote aliyewahi kushika kompyuta. Sikuweka neno la siri. Niliomba, mukakataa.»

Akasimama akafunga mlango. Nilidhani atanifokea. Akasema polepole kwamba tukipiga kelele, bailleur atafunga vituo, na vituo vikifungwa watakufa wengi kuliko arobaini na watatu. Akarudi kitini, akaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja. Miaka mitano nimemchukia huyu mtu kwa utulivu wake. Leo nimeona kwamba hana utulivu wowote, anakalia tu mikono yake.

Amekubali neno la siri. Kuzima logi, hapana, mpaka Januari. «Bataniuliza juu ya nini nilizima. Nitabaambia nini?»

28 Oktoba

Neno la siri limewekwa. Mlango umefungwa, ng'ombe wako kwa jirani.

30 Oktoba

Moto moja, pikipiki, ilisimama mbele ya ofisi, watu wawili juu yake, hawakushuka. Walivuta sigara wakaondoka. Inawezekana walikuwa wanakwepa mvua. Kulikuwa na mvua.

31 Oktoba

Moto tena. Si ile ile. Nadhani si ile ile.

3 Novemba

Lévi amenipigia. Ndiye aliyenipa kazi ya kwanza, kutengeneza simu kwenye kioski chake karibu na soko. Kila ninachojua kilianzia kwenye ile meza yake iliyoungua kwa chuma cha kulehemu. Hanipigii kamwe. Anatuma ujumbe wa sauti, na nusu yake ni kukohoa.

«Kavuo. Uko peke yako?»

«Niko kwa bureau.»

«Kuya.»

Nikatoka ofisini nikaenda. Alikuwa amekaa nyuma ya pazia, redio juu.

«Kuko mutu alikuya asubui. Mutu wa heshima, suruali ya kupasi. Akaleta diski, akasema anatafuta jamaa yake alipoteaka. Jina Kavira, wa Vuhovi. Nikafungua fichier moya, ikavimba, ikavimba, giga tatu! Machine yangu ikalala palepale kama mugonjwa. Nikamuambia arudi kesho. Ile ametoka njo nikawaza: mbona ile karatasi juu ya diski ni mwandiko ya Kavuo?»

«Ulifungua faili gani?»

«Ya kwanza kabisa. Ya Septemba.»

«Ulitafuta jina?»

«Machine ililala, nakuambia!»

Kwa hiyo yule mtu hajaupata mstari. Ana jina na kijiji, ni kama anatafuta tone moja ndani ya mvua. Lakini diski ameondoka nayo, na mji una watu wanane wawezao kufanya nilichofanya mimi Jumamosi. Niliwahesabu papo hapo, kwa majina. Watatu niliwafundisha mwenyewe.

«Kesho funga kioski, Lévi.»

«Nikifunga atajua nimekuambia. Halafu? Banajua kwangu. Batoto beko kwangu.»

 Redio ilikuwa inatangaza sabuni. Kisha Lévi akavuta kompyuta yake katikati ya meza, akachukua bisibisi.

«Nitaipasua tumbo,» akasema. «Akikuya kesho ataikuta matumbo inje, miye mwenyewe nalia. Nitamuambia: ona, mukubwa, fichier yako ndiyo imeua machine yangu, utanilipa! Mutu anayedaiwa hapana kurudia haraka.»

Akacheka. Mimi nikashindwa. Aliichomoa skrubu ya kwanza, akaongeza sauti ya redio.

4 Novemba

Nimeandika haya baada ya kurudi, nimevaa soksi kavu, mlango una kufuli na kiti.

Malachie alinichukua alfajiri. Hakuuliza kitu mpaka tulipotoka lami, kisha akasema, «Ni juu ya ile diski?» Nikasema ndiyo. Akaongeza mwendo kwenye tope, jambo ambalo hajawahi kulifanya na gari la shirika.

Vuhovi, Stanislas alitungojea nje ya kituo. Nilikuwa nimepanga kumkemea: nani alimwambia aandike mpaka mtu wa unga? Lakini alikuwa ameshaelewa kwenye simu.  Alitutangulia kwa miguu, kofia mkononi, mvua inampiga kipara.

Kasika alikuwa kizingitini anapukuchua maharagwe. Nikamsalimu «wavukire», akajibu bila kuacha kupukuchua. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianza na seva, nikaingia kwenye kubana mafaili. Stanislas akanikata akasema kwa Kinande maneno machache, na punje zikaacha kuanguka.

«Tumekimbia mara tatu,» Kasika akasema. «Mara tatu nimepanda, mwingine anavuna. Sasa iko maharagwe yangu mwenyewe. Nani atavuna? Weye, mama wa ordinateur?»

 Ndipo mdogo wake akatoka ndani. Nilikuwa nimemjua kama mstari mmoja. Ni mrefu, ana kovu juu ya nyusi, na alikuwa amevaa sweta la mwanamume lenye mikono iliyokunjwa.

«Miye njo Agar,» akasema. «Kule porini bananijua Kavira.»

«Hawajui Agar?»

«Nilibaambia jina ya kuzaliwa tu, moya. Niliwaza: siku nikitoroka, batatafuta Kavira. Batafute. Kavira beko kila nyumba, mupaka bachoke.» Akanitazama bila hasira, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo. «Mwaka muzima nilijificha ndani ya ile jina. Halafu weye ukakuya kunitosha humo.»

Nikasema sikujua.

«Hapana, haukujua. Ulitaka bitembee mbio.»

Ni kweli. Sekunde arobaini zikawa mbili.

Akatuambia habari ya mtu wa unga, kwa ufupi. Alikuwa anafika kambini na magunia ya unga, betri na dawa. Ni mtu wa mjini, ana jina mjini. Siku moja Agar alimmwagia maji ya kunawa, wakaangaliana usoni. Baada ya miezi miwili akatoroka. Basi. Hana karatasi, hana picha, ana macho yake tu, na yule mtu analijua hilo.

Tulipomwambia aondoke, Agar alikubali haraka. Alikuwa na begi dogo tayari, kama langu. Angeenda Beni, kwa Mama Élise. Kasika alikataa kabisa.

«Miye sijaona mutu wa unga. Miye naona maharagwe.»

«Batakuuliza, dada,» Agar akasema.

«Nitajibu.»

Waliagana kwa Kinande, sikusikiliza. Malachie alimlaza Agar nyuma, chini ya turubai la katoni za seramu, akaniacha mimi kwenye njia panda nirudi Butembo kwa moto ya kukodi, ili gari lionekane na dereva peke yake. Nilisimama pale mpaka sauti ya injini ikaisha.

Lévi ametuma sauti. Kikohozi, kisha: «Amekuya. Ameona matumbo. Amecheka. Ameenda.» Kisha kikohozi tena. «Alicheka sana, Kavuo.»

5 Novemba

Wamefika Beni. Mama Élise: «Amekula, amelala. Hapana kupigapiga telefone.»

Nimempa Docta ile mistari arobaini na miwili iliyobaki. Nikamwambia kila muuguzi aende kwa miguu kwa mtu wake, amwambie mdomoni. Nilingoja akatae. Akasema tu, «Pa Kyondo nitaenda miye mwenyewe. Ule mutu ananijuaka.» Akachukua koti.

7 Novemba

Walienda Vuhovi leo asubuhi. Moto moja, watu wawili.

Hawakuuliza Kavira. Mtoto wa jirani aliwasikia. Waliuliza njia kwa maneno haya: *kwa dada yake Kasika, nyuma ya kanisa*. Maneno ya Stanislas, kwa mpangilio wake. Kwa hiyo mwenye diski ameshapata mtu wa kumfungulia. Mmoja kati ya wanane.

Kasika alikuwa shambani. Wakamfuata huko. Aliwaambia mdogo wake alivuka kwenda Uganda kabla ya mvua. Walimvunja mkono wa kushoto, wakakanyaga safu tatu za maharagwe, wakaondoka. Hawakukimbia. Waliondoka.

Stanislas amenipigia. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

«Nimefunga mukono yake. Mufupa itaunga.»

«Umeandika nini?»

«Mu ordinateur? Hapana kuandika hata kitu.»

Kwa kanuni zetu hilo ni kosa, mgonjwa bila rekodi. Nimemwambia, «Muzuri.»

8 Novemba

Mvua.

9 Novemba

Mvua. Sikwenda kanisani. Niliona moto, nikarudi.

13 Novemba

Nimewapigia wale wanane, mmoja mmoja, nikijifanya natafuta mtu wa kazi ndogo. Nilitaka kusikia sauti inayoruka. Wote walikuwa kawaida. Mmoja ana simu mpya. Inawezekana aliuza mbuzi. Hivi ndivyo ninavyoishi sasa: kila aliyenunua kitu, namhesabu.

18 Novemba

Skripti imefuta logi za siku zilizozidi kumi na nne, kama kila usiku. Imeniandikia: kazi imekamilika, hakuna kosa.

22 Novemba

Lévi amewahamishia watoto kwa mama mkwe. Kioski kiko wazi. Kompyuta bado imepasuliwa mezani. Anaogopa kuifunga, isije ikaonekana ni nzima. Wateja wanamcheka. «Fundi gani huyu, machine yake imemushinda!» Anacheka nao.

1 Desemba, Beni

Nimepanda gari la Malachie leo, kwa kazi rasmi: kubadilisha betri za umeme za kituo cha Beni. Barabara yote nilikuwa nimeshika mpini wa mlango. Penye barrière moja askari aliniuliza ninafanya kazi gani, nikasema nauza sabuni. Malachie hakugeuza hata shingo. Tulipopita akasema, «Sabuni gani?» Nikasema ya kipande. Akasema atachukua mbili.

Nilikuwa nimemaliza betri ya pili wakati Agar alipoingia. Amenenepa kidogo. Mama Élise alikuwa nyuma yake, mikono kifuani.

«Nimesikia mukono ya Kasika,» Agar akasema. Hakukaa. «Njo naomba kitu moya. Unitoshe mule.»

«Nikutoe kwenye seva?»

«Kote.»

«Na madawa yake?» Mama Élise akauliza. «Iko bado miezi mbili ya kufuata.»

«Nazijua kwa kichwa, mama. Ya asubui, ya jioni. Unitoshe.»

Nilimweleza, na safari hii sikuanza na seva. Nilimwambia: ile diski yao, sina njia ya kuifikia. Jina lako liko kule na litabaki kule. Logi za Butembo zenye mstari wako zimeshafutika, skripti ilizila, na nakala za Mama Élise nimezifuta leo nilipofika. Ulipobaki ni kwenye hifadhidata yenyewe, na hapo naweza kukufuta kwa mstari mmoja.

«Basi fanya.»

«Nikiandika huo mstari, seva itauandika kwenye logi. Neno kwa neno. Futa Kavira wa Vuhovi, kwa dada yake Kasika, nyuma ya kanisa. Itakuwa yale yale tena, na Ijumaa itapanda gari ndani ya diski mpya.»



«Donc basi, hata kunifuta, banapashwa kuniandika.»

«Mpaka nizime logi kwanza.»

«Nani anakataza kuzima?»

Nikafikiria jibu. Docta. Bailleur. Januari. Mkataba wangu unaoisha tarehe thelathini na moja, miaka mitano ya miezi mitatu mitatu. Nikajiona namweleza hayo mtu aliyesafiri chini ya turubai.

Nikafungua laini ya Butembo. Ilikuwa nzito, herufi zinafika moja moja kama watu wanaovuka tope. Nikabadilisha neno moja kwenye mpangilio, *zote* ikawa *hakuna*, nikaiambia hifadhidata isome upya. Nikangoja. Nikaiuliza swali la upuuzi, saa ngapi, kisha nikatazama mwisho wa logi. Swali halikuwamo. Ilikuwa imeacha kuandika. Docta ataona kesho, na atakalia mikono yake au hatakalia.

«Geuka kama hutaki kuona,» nikasema.

Hakugeuka. Alisogea akasimama begani kwangu, nikasikia anavyopumua. Nikauandika mstari, nikausoma mara mbili, kwa sababu akina Kavira wa Vuhovi ni mia mbili na kumi na wanne, na sikutaka kumfuta mtu mwingine. Nikabonyeza.

Laini ilikwama. Mama Élise alikuwa ameshika mlango. Nje moto ilipita, sote watatu tukaisikiliza mpaka ikaenda zake.

Kisha jibu likafika.

«Imesema nini?» Agar akauliza.

«Imesema: imefuta mmoja.»

«Moya nani?»

«Haijui tena.»